Ukitoka juani ukaingia ndani: kazi ya kalsiamu machoni

Saa saba mchana hapa Goma, jua liko utosini. Unaingia nyumba ya mbao isiyo na dirisha kumsalimu shemeji, anakwambia "karibu, kaa", nawe unapapasa kiti kama kipofu. Baada ya muda unaona hadi kikombe kilichosahauliwa chini ya meza. Maswali haya nimekuwa nikiulizwa na wagonjwa na majirani kuhusu jambo hilo.

Dokta, kwani si mboni ndiyo inayopanuka na kujibana?

Inasaidia, ila kidogo kuliko tunavyodhani. Mboni ikijibana kabisa hufikia upana wa kama milimita 2, ikipanuka kabisa kama 8. Ukipiga hesabu ya eneo, tofauti ni mara 16 tu, wakati jua la adhuhuri linauzidi mwanga wa nyota kwa mamilioni ya mara. Kazi iliyobaki inafanyika nyuma ya jicho, kwenye retina, ndani ya seli zinazopokea mwanga. Seli hizo ni za aina mbili: kila jicho lina vijiti kama milioni 120, vya kuonea gizani, na koni kama milioni 6, za mchana na za rangi.

Na kalsiamu imeingiaje? Mimi naijua ya mifupa.

Hapa twende polepole, mama, maana seli hizi zina tabia ya ajabu: gizani ndipo zinapotuma ujumbe zaidi. Kukiwa na giza, milango midogo kwenye utando wa seli inakuwa wazi, imeshikiliwa na kemikali iitwayo GMP ya duara. Sodiamu na kalsiamu zinaingia kupitia hapo. Wakati huohuo kuna pampu inayoitoa kalsiamu nje bila kupumzika. Inaingia, inatolewa, kiwango kinatulia.

Mwanga ukipiga, protini iitwayo rodopsini inaamka na kuchochea vimeng'enya vinavyoivunja ile GMP. Milango inafunga, seli inapunguza ujumbe wake, na hapo ndipo ubongo unapojua kuna mwanga. Sasa itazame ile pampu. Yenyewe haina habari na milango. Inaendelea kutoa kalsiamu wakati hakuna nyingine inayoingia. Fikiria tangi la maji lenye bomba juu na tundu chini: funga bomba, maji yatashuka tu. Ndivyo kalsiamu inavyoshuka ndani ya seli, na kushuka huko ndiko kunakoiambia seli ijirekebishe.

Inajirekebishaje? Kimeng'enya kinachotengeneza GMP, ambacho kalsiamu ilikuwa inakizuia, kinapata nafasi ya kufanya kazi kwa nguvu. GMP inaongezeka na baadhi ya milango inafunguka tena. Protini nyingine, rekoverini, inakiachia kimeng'enya kinachoanzisha kuzimwa kwa rodopsini, kwa hiyo rodopsini iliyoamshwa inazimwa mapema. Milango nayo inakuwa myepesi, inafunguka hata kwa GMP kidogo. Nikiulizwa lipi lina uzito zaidi, nitataja la kwanza. Basi seli haigandi kwa mwanga mkali. Inabaki na nafasi ya kuhisi mwanga ukizidi au ukipungua.

Wamejuaje yote hayo?

Zamani wengi walidhani kalsiamu yenyewe ndiyo inayoziba milango. Mwaka 1985 watafiti wa Muungano wa Kisovieti, Fesenko na wenzake, walionyesha kwamba GMP ndiyo inayoifungua, moja kwa moja. Mwaka 1988 makundi mawili yaliandika katika jarida la Nature kwamba ukizuia kalsiamu isibadilike ndani ya seli, uwezo wa kuzoea mwanga unapotea.

Mbona kuzoea giza kunachukua muda mrefu kuliko kuzoea mwanga?

Kwa sababu kalsiamu ni kazi ya sekunde, lakini rodopsini iliyotumiwa na mwanga mkali lazima iundwe upya, na vijiti vinaweza kuhitaji dakika 30 hadi 40 kurudi sawasawa. Malighafi yake ni vitamini A. Nawe motari, dereva wa pikipiki, ukipigwa taa kamili usoni jioni, punguza mwendo na utazame ukingo wa barabara. Usijikaze eti unaijua njia.

Basi ninunue vidonge vya kalsiamu nione vizuri usiku?

Weka pesa yako, ndugu yangu. Kalsiamu ya damu inasimamiwa na homoni, na ndani ya seli hizi iko chini ya ile ya damu kwa maelfu ya mara. Tena umeona: kinachotakiwa ni ishuke! Sambaza, vile visamaki vya ziwani, ukizila nzima na mifupa yake zitakupa kalsiamu, na mifupa yako itafurahi.

Kwa kuona usiku, tafuta vitamini A: ini, mayai, lenga-lenga (mchicha), sombe (majani ya muhogo), papai, viazi vitamu vya rangi ya chungwa, na mawese mekundu. Mama zetu wanaoyaunguza mawese mpaka yawe meupe wanapoteza kile kilichokuwa kinatafutwa. Mtoto anayejikwaa kila jua likizama apelekwe kituo cha afya. Walio kati ya miezi 6 na miaka 5 hupewa tone la vitamini A kila baada ya miezi sita. Mama mjamzito asimeze dozi kubwa kwa kujiamulia, inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Macho yangu si yameshazoea?

Hayajazoea. Moto wa kuchomelea unatoa miale isiyoonekana inayounguza konea, ile ngozi angavu ya mbele ya jicho, na kalsiamu ya retina haina la kufanya hapo. Maumivu huchelewa saa kadhaa: unalala salama, unaamka usiku wa manane kama umemwagiwa mchanga machoni. Ukifika hapo, usitie maziwa wala dawa ya jirani. Nenda kwa muganga wa hospitali asubuhi hiyo hiyo, na barakoa ya kioo cheusi uivae kabla ya kuwasha tena.