Doa la dari halionyeshi tundu lilipo

Wengi tumekua tukiamini kwamba dari ikiota doa, juu yake kabisa kuna bati au kigae kilichotoboka. Fundi anapanda, anabadilisha kigae, mvua inarudi, na doa nalo linarudi.

Maji yakishapenya paa si lazima yadondoke papo hapo. Hufuata mteremko wa mbao za kenchi, wakati mwingine mita kadhaa, hadi yakutane na msumari au ungio, ndipo yadondoke. Na mara nyingi hayakuingilia katikati ya paa. Yameingilia pale paa linapokutana na ukuta, dohani au paa jingine, mahali panapotakiwa bati lililokunjwa: upande mmoja unapanda ukutani na ukingo wake kuchomekwa ndani, mwingine unalala juu ya paa.

Kinachosahaulika zaidi ni kibati kidogo tu, takribani ukubwa wa kiganja, cha mwisho wa mteremko unaopakana na ukuta. Kazi yake ni kuyasukuma maji yaingie kwenye gata. Kisipokuwepo, kila mvua huunywesha ukuta kimyakimya. Plasta inavimba, mbao zinaoza, na mwenye nyumba analaumu rangi.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia nyufa, haichukui nafasi ya mabati haya. Bati hutanuka juani na kusinyaa usiku, na silikoni huishia kuchanika.

Ukitafuta chanzo, mwagia paa maji kwa mpira ukianzia chini na kupanda taratibu, mwenzako akiwa darini na tochi. Ukianzia juu utalowesha kila kitu, na hutajua lolote.