Je, wajua kwa nini rangi mpya ya nyumba inayouzwa inabanduka kwa chini kabla mteja hajapatikana?

Hii ishu naiona sana hapa Dar. Mtu anataka kuuza nyumba, dalali anamwambia piga rangi kwanza nyumba ing'ae, anaitwa fundi, siku mbili kazi imeisha. Wiki ya tatu mteja anakuja kuangalia anakuta chini ya ukuta, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa magoti hivi, rangi imevimba mapovu na ukiigusa inadondoka na unga mweupe. Mteja anaminya kidogo, hasemi kitu, anaondoka zake na simu hapokei tena. Mwenye nyumba anabaki kumlaumu fundi, mara rangi feki, wakati tatizo lilikuwemo ndani ya ukuta kabla hata ndoo ya rangi haijafunguliwa.

Ule unga wengi wanauita fangasi, ila ni chumvi. Kwangua kidogo uweke kwenye glasi ya maji, ukiyeyuka ujue ni chumvi, fangasi wenyewe ni yale madoa meusi au ya kijani yenye harufu ya uvundo.

Inafikaje pale? Tofali la bloku lina vitundu vidogo mno, linanyonya maji kama utambi wa kandili unavyopandisha mafuta ya taa. Kama wakati wa kujenga hawakutandika nailoni juu ya msingi kabla ya kupandisha kuta, maji ya ardhini yanapanda taratibu na chumvi ya udongo, na kama walitumia mchanga wa baharini ndo kabisa, chumvi ilishaingia tangu siku ya kwanza. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inaganda chembechembe ndani ya vile vitundu, chembe zinakua zinasukuma, plasta inaachia na rangi inafuata.

Halafu kuna hili ambalo wengi hawalijui, chumvi yenyewe inavuta maji kutoka hewani. Unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 75 chumvi ya kawaida inaanza kulowa, angalia tu ile ya jikoni kipindi cha masika inavyokuwa majimaji kwenye kopo, na hewa ya Dar, Tanga au Zanzibar inapita hapo mara nyingi tu, hasa usiku na asubuhi. Ndo maana ukuta unalowa hata kama mvua haijanyesha wiki nzima.

Sasa watu wanakimbilia rangi ya mafuta au wanabandika tailizi pale chini ili pasionekane. Mimi hili silipendi kabisa, maana maji yakikosa pa kutokea yanapanda juu zaidi, na mwaka unaofuata doa liko usawa wa dirisha. Kuta za zamani za Mji Mkongwe Zanzibar zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na chokaa inaruhusu unyevu utoke, ila zikizibwa kwa sementi unyevu unanasa ndani.

Ukitaka kuuza anza na maji. Kagua gata, bomba linalovuja, maji ya bafuni, na kifusi kilichorundikwa nje mpaka kikapita usawa wa sakafu, kitoe chote. Kisha bomoa plasta mbovu mpaka kama nusu mita juu ya doa, chumvi uifagie kwa brashi kavu, usimwagie maji maana itayeyuka irudi ndani. Uache ukuta ukauke, hapa ndo pagumu kwa mtu mwenye haraka maana ni wiki nyingi au hata miezi. Ndo upige plasta ya mchanga safi wa mtoni, usubiri kama siku 28, umalizie na rangi ya maji. Kama nailoni haikuwekwa kabisa chini, tafuta fundi anayejua kuzuia unyevu wa msingi, maana bila hiyo utarudia.

Vingine ni vyepesi, punguza makochi, kata majani, badili taa zilizoungua, na fungua madirisha mapema maana mteja akiingia pua inafanya kazi kabla ya macho.

Na kama hela ya kutengeneza haipo, acha ukuta ulivyo, mwonyeshe mteja, mwambie unyevu umeanza lini, mpunguzie bei. Yule ndo atakayelala humo na watoto.