Uchovu Sugu: Presha Ipimwe Mgonjwa Akiwa Wima

Mwenye ugonjwa wa uchovu sugu hupimwa presha akiwa ameketi, huambiwa iko sawa, hurudi nyumbani na kuitwa mvivu. Kosa kubwa liko hapo, kwani mwili wake humwangusha anaposimama.

Mtu yeyote akisimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka miguuni na tumboni. Kwa mwenye afya, mishipa hujibana papo hapo na moyo huongeza kasi kidogo, ubongo usipungukiwe sana. Mwaka 2020 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Uholanzi: wagonjwa 429 walilazwa juu ya kitanda kikainuliwa hadi digrii 70, huku damu iendayo kichwani ikipimwa shingoni kwa altrasaundi. Ilipungua kwa asilimia 26; kwa watu wenye afya, asilimia 7. Hata wale ambao mapigo na presha zao hazikuonyesha kasoro walipungukiwa kwa asilimia 24. Ndiyo maana mtu husimama sokoni Mkunguni kidogo tu, akili ikaingia ukungu, akasahau alichotumwa.

Mashine ya presha ya mkononi yatosha kuanzia. Mgonjwa alale chali dakika 10, apimwe presha na mapigo. Kisha asimame, visigino sentimita 15 kutoka ukutani, mabega yakiegemea, asitikisike wala kuzungumza. Pima kila dakika hadi ya 10. Asiachwe peke yake; akitaka kuzimia, alazwe mara moja. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi (40 kwa wa miaka 12 hadi 19) na kubaki juu bila presha kushuka, au namba ya juu ya presha ikishuka kwa 20 au zaidi ndani ya dakika 3, mpelekeeni daktari karatasi ya vipimo. Anayeacha dakika ya 2 huenda akakosa jibu. Na vipimo vikitoka salama, msiseme hana kitu: mashine hii haipimi damu ya ubongo.

Joto la kaskazi hupanua mishipa ya ngozi, hali ikazidi. Kazi za kusimama zifanywe asubuhi kivulini au kwa kuketi: kukuna nazi, kupiga pasi, kuoga juu ya kigoda. Aliyeshindwa kusimama ana ruhusa ya kuswali ameketi, naye asione haya. Maji lita 2 hadi 3 kwa siku husaidia wengi. Chumvi ya ziada ni kwa idhini ya daktari tu, hasa kwa mwenye presha ya kupanda, figo au moyo.

Msimlazimishe kufanya mazoezi ya kuongezwa kila wiki. Mwongozo wa matibabu ya ugonjwa huu uliotolewa Uingereza mwaka 2021 uliyakataa. Akijitutumua leo, huenda akaanguka kitandani kesho au kesho kutwa, kwa siku kadhaa. Apumzike kabla ya kuchoka, miguu ikiwa juu ya mto.