Lupasi si upungufu wa kinga

Wiki hii tena. Dada mmoja mwenye lupasi, ugonjwa wa kinga kuushambulia mwili wenyewe, hata figo, kaketi mbele yangu, vidole vimevimba hadi pete haitoki, na mkobani ana unga wa mlonge na chupa ya tangawizi "ya kuongeza kinga". Haidroksiklorokwini, dawa yake ya lupasi, aliacha kumeza tangu Desemba. "Daktari, si hiyo ni dawa ya malaria? Mimi naishi Kasarani, malaria nitaitoa wapi?"

Swali hilo nimelisikia mara nyingi mno, na figo za watu zinaumia.

Kinga ya mwenye lupasi haijapungua. Tuna kipokezi kiitwacho TLR7, kazi yake kutambua RNA (ujumbe wa kijenetiki) ya virusi na kuamsha intaferoni, kemikali ya kuita kinga. Hakikai juu ya seli. Kiko kwenye vifuko vya ndani ya seli. Hapo ndipo watu wanaponipotea. RNA ya virusi na yetu zinafanana sana, kwa hiyo usalama wetu unategemea mahali: RNA yetu haitakiwi kufika kwenye vifuko vile. Kwa mwenye lupasi inafika. Seli zilizokufa hazizolewi upesi, kingamwili (protini za kinga zinazonasa adui) zinashika mabaki, seli nyingine zinameza furushi zima, TLR7 inaamka. Kingamwili zinazidi, zinashika mabaki mengine. Sasa hapo unataka kuongeza nini?

Mwaka 2022 watafiti walieleza mtoto wa Uhispania mwenye lupasi kali, herufi moja tu ya jeni ya TLR7 imebadilika. Panya waliopewa badiliko lilelile waliugua. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X, ambayo wanawake wanazo mbili; kwa kawaida moja hunyamazishwa, lakini katika baadhi ya seli zao za kinga nakala ya pili ya jeni hii hainyamazi. Wagonjwa wangu wengi ni wanawake. Naamini hiyo ni sehemu ya sababu.

Haidroksiklorokwini hujikusanya kwenye vifuko hivyohivyo na kuvizuia vipokezi. Huko Kanada, 1991, walioachishwa dawa hii walilipukiwa na ugonjwa mara 2.5 zaidi ya walioendelea. Dawa hii huweza kudhuru macho, kwa hiyo yapimwe, na dozi isizidi miligramu 5 kwa kilo kwa siku.

Kinachonisumbua ni TLR9, kipokezi ndugu cha TLR7, inayosoma DNA. Panya wa lupasi wakiondolewa hiyo huzidiwa, kana kwamba ilikuwa ikiwakinga. Dawa yetu huzuia zote mbili, na bado inasaidia. Maelezo yaliyopo hayajaniridhisha.

Yule dada tulimpima mkojo. Kijiti kiligeuka kutoka njano hadi kijani: protini, dalili kwamba figo zinavuja. Nilikishika tukakitazama wote wawili, kisha akauliza dawa aimeze saa ngapi.