Chuma Mguuni, na Mfupa Uliokoseshwa Kazi

Kijana wa bodaboda aliingia chumba cha mazoezi tiba akining'inia kwenye magongo, mguu wa kulia hewani. Miezi mitano nyuma aliwekewa msumari wa chuma ndani ya mfupa wa paja. Kukanyaga aliruhusiwa tangu wiki ya sita, ila nyumbani walimwonya: chuma kitapinda. Paja lilikuwa limenywea hadi suruali inapwaya. Wagonjwa wa namna yake ni wengi, na maneno wanayokuja nayo hayatofautiani sana.

“Chuma ndicho kinachobeba, mfupa upumzike.”

Hii ndiyo inayowagharimu watu kuliko zote. Chuma ni kishikizi cha muda. Kila unapokanyaga kinapinda kidogo mno na kurudi, na kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa, kina siku yake ya kuchoka. Kinachokiokoa ni mfupa kuunga na kujibebea mzigo wake. Ukisikia msumari umekatika mwilini, usikimbilie kulaumu ubora wake. Uliza kwanza kama mfupa uliunga.

Na mahali palipovunjika panataka kuguswa na uzito. Panapocheza kidogo sana, mfupa mchanga huota. Pakicheza mno, hauungi, ndiyo maana msumari hufungwa kwa skrubu juu na chini. Gerhard Küntscher, daktari wa upasuaji aliyeanza kupigilia msumari ndani ya uwazi wa mfupa huko Kiel, Ujerumani, mwaka 1939, alitaka wagonjwa wake wainuke kitandani mapema badala ya kuning'inizwa miguu kwa wiki nyingi.

Niliinua picha ya eksirei ya yule kijana dirishani. Palipovunjika palikuwa na uvimbe mweupe kama fundo la muwa. Umeunga. Nikamsimamisha, mguu mbovu juu ya mizani ya kawaida ya kupimia uzito: kandamiza mpaka isome kilo 20. Jasho lilimtoka, na aliniambia mwenyewe kwamba hapamuumi.

(Kiasi na wakati wa kukanyaga hutegemea mvunjiko wako. Wa kifundo cha mguu si wa paja. Msikilize aliyekupasua, usimsikilize jirani. Wala mimi.)

“Mfupa ni kama jiwe, ukishakomaa basi.”

Mfupa ni nyumba isiyoisha ukarabati. Seli ziitwazo ostioklasti huchimba wa zamani kwa wiki chache, kisha ostioblasti hujaza shimo kwa miezi kama mitatu. Kwa mtu mzima, takribani asilimia 10 ya mifupa hufanywa upya kila mwaka. Msimamizi ni ostiosaiti, seli zilizozikwa ndani ya mfupa wenyewe: ukikanyaga, mfupa hujikunja kiduchu, maji yaliyo kwenye vijitundu vyake husukumwa, nazo huhisi. Zisipohisi kitu, uchimbaji huzidi ujazaji. Julius Wolff, daktari wa upasuaji wa Berlin, aliandika tangu 1892 kwamba mfupa hujipanga kufuata mzigo unaoubeba. Wanaanga, ambao hawakanyagi kitu, hupoteza kama asilimia 1 hadi 1.5 ya uzito wa mfupa wa nyonga kwa mwezi.

“Chuma kigumu zaidi ndicho bora.”

Watu wawili wakibeba kabati, mmoja akiwa na nguvu mno, mwenzake anabaki kuligusa tu. Ugumu wa mfupa dhidi ya kupinda ni kama gigapaskali 18 (kipimo cha ugumu huo; namba kubwa, kitu kigumu zaidi). Titani iliyochanganywa, kama 110. Chuma cha pua, karibu 200. Ndiyo maana kwa wengine waliowekewa nyonga bandia, sehemu ya juu ya mfupa wa paja hukonda taratibu: shina la chuma limechukua mzigo na kuupeleka chini zaidi. Hapo titani ina nafuu, ingawa nayo bado ni ngumu mara sita ya mfupa.

“Nasimama kutwa nzima, inatosha.”

Mfupa husikia mzigo unaokuja na kuondoka, ule uliotulia hauushughulishi. Watafiti Clinton Rubin na Lance Lanyon waliupima mfupa wa bawa la ndege mwaka 1984: mikandamizo 4 kwa siku ilitosha kuuzuia usipungue, 36 iliunenepesha, na 1,800 haikuongeza chochote zaidi ya hapo. Vipindi vifupi vya kutembea vina maana kuliko kusimama dukani tangu asubuhi.

“Supu ya kongoro inaunga mfupa.”

Ni tamu. Kunywa, kisha kanyaga.

“Lazima chuma kitolewe.”

Kwa mtu mzima, kisiposumbua kinaweza kukaa maisha yote. Kikitolewa, jihadhari na jambo ambalo wengi hawaambiwi: matundu ya skrubu hubaki, na kila tundu ni mahali pa mfupa kuanzia kupasuka mpaka lijazwe, kazi ya miezi kadhaa. Kijana alisikiliza yote hayo, mguu ungali juu ya mizani, kisha akauliza kama pikipiki ya kuwasha kwa teke inahesabiwa kuwa mazoezi.