Chupa Yenye Jini: Tunayodhani Kuhusu Hewa Ndani ya Maji

Nilikuwa kwenye basi la asubuhi kutoka Mtwara kwenda Lindi, chupa ya maji nimeilaza mapajani. Maji yalikuwa yamejaa karibu yote, imebaki hewa kidogo, kiputo kimoja cha ukubwa wa kidole gumba. Nikamuuliza mzee niliyekaa naye: dereva akifunga breki ghafla, kiputo kitakwenda wapi?

“Mbele,” akajibu papo hapo. “Sisi wote si tutakwenda mbele?”

Kabla ya kufika Mikindani mbuzi wakakatiza barabara. Breki zikalia, abiria tukainama mbele, na kiputo kikakimbilia nyuma ya chupa.

“Mwanangu,” mzee akasema, “hiyo chupa ina jini.”

Kosa letu ni kukitazama kiputo kana kwamba ndicho kinachotembea. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Lita moja ya hewa haizidi sana gramu moja. Breki ikishikwa, maji ndiyo yanayokwenda mbele kama abiria, yanajibana upande ule, na hewa inasukumwa kule ambako mbano ni mdogo. Fundi mwashi anayeweka pima maji, kile kifaa chenye kiputo cha kupimia usawa, juu ya tofali anatumia jambo hilohilo: kile kiputo hakipandi kwa nguvu yake, kinapandishwa na kimiminika kinachoshuka.

Ukilishika hilo, mengine mengi yanafunguka yenyewe. Izungushe chupa kwa mkono mpaka maji yafanye kizingia. Wengi hudhani viputo vitarushwa pembeni. Maji ndiyo yanayorushwa pembeni, na viputo vinabanwa katikati, vinasimama kama uzi. Tena, watu husema kiputo husafiri kwa kasi ya mto unaokibeba. Si lazima. Maji yakiingia sehemu nyembamba ya bomba yanaongeza kasi, na hapo kiputo, kwa kuwa ni chepesi, huyatangulia maji yenyewe. Maji yakipunguza kasi, kiputo huchelewa. Ni breki ya basi ileile, tofauti ni kwamba chupa sasa ni bomba.

Wengine husema: “Kiputo kikubwa ndicho kinachowahi kufika juu.” Kwa viputo vidogo sana ni kweli, kile cha sehemu moja ya kumi ya milimita hujikokota chini ya sentimita moja kwa sekunde. Lakini kuanzia kama milimita mbili hadi sentimita moja, vyote hupanda kwa mwendo unaokaribiana, sentimita 20 hadi 30 kwa sekunde. Wala havipandi wima. Vinayumba, vingine vinazunguka kama ngazi ya mnara. Leonardo da Vinci, yule mchoraji na mvumbuzi wa Italia, aliliona hilo zaidi ya miaka 500 iliyopita, na mwaka 2023 tu ndipo watafiti Herrada na Eggers walipoonyesha kwa hesabu kwamba kuyumba huanza kipenyo kikivuka milimita 1.85 hivi. Mpiga mbizi wa pweza naye anajua kwamba pumzi aliyoiachia chini haifiki juu ikiwa na ukubwa uleule. Kutoka kina cha mita kumi, ujazo wake huwa maradufu ukifika usoni mwa bahari.

Sasa nije kwenye dhana inayowagharimu watu fedha: “Hewa ni nyepesi, itazuiaje maji?”

Jirani yangu ana tangi juu ya mnara wa mita tatu na bustani ya mchicha na bamia hatua chache pembeni, ardhi tambarare. Alitandaza mpira wa kumwagilia bila kujali njia: ukapita juu ya uzio, ukapanda kichuguu, ukavuka rundo la matofali. Akafungua koki. Mpira ukakohoa, ukatema maji kidogo, kisha kimya. Fundi wa kwanza akasema umeziba. Ukafunguliwa, ukapulizwa, haukutoka hata mchanga. Wa pili akamshauri anunue mpira mpana zaidi.

Mpira ulikuwa mzima. Kila ulipopanda na kushuka, hewa ilibaki kileleni na kuujaza mteremko unaofuata. Maji ya tangi husukumwa na uzito wa maji yenyewe, na palipojaa hewa uzito huo haupo. Mteremko wa kimo cha mita moja ukijaa hewa, umepoteza mita moja ya msukumo. Jirani alikuwa na vilima vitatu vya namna hiyo na tangi la mita tatu. Piga hesabu. Hewa ilizuia maji kwa sababu ya wepesi wake, si licha ya wepesi wake.

Mpira mpana ungemwongezea taabu. Ili maji yaifagie hewa na kushuka nayo, yanahitaji kasi, na kasi hiyo hupanda pamoja na upana: kipenyo kikiwa mara nne, kasi inayotakiwa ni mara mbili. Lakini maji yaleyale ndani ya kipenyo mara nne hutembea polepole mara kumi na sita. Yasipofikia kasi ile, kiputo huning'inia palepale kwenye mteremko, au kinarudi kilikotoka huku maji yakikipita. Katika nchi ya miinuko kama ya Newala, fundi anayelaza bomba kuu huiwaza hewa mapema, na kwenye kila kilele huweka valvu ya kuitoa.

Jirani aliushusha mpira chini, akauzungusha pembeni mwa kichuguu, akaupenyeza chini ya uzio. Hakununua chochote.

Nikiwa bado namweleza mzee haya, akanikatiza. “Na maji meupe kama tui yanayotoka bombani? Wanatutilia dawa nyingi.” Dawa hiyo ni klorini, na ikishayeyuka haiyafanyi maji kuwa meupe. Ndani ya bomba maji yako chini ya mgandamizo, yanashika hewa nyingi. Yakitoka kwenye koki mgandamizo unaondoka na hewa inachomoka kwa viputo vidogo visivyohesabika, vinavyotawanya mwanga. Yatie kwenye glasi inayoonyesha ndani. Yakianza kuwa safi kutoka chini kwenda juu, na kwa dakika moja au mbili tui limekwisha, ni hewa, kunywa tu kama unavyokunywa siku zote. Weupe ukizama na juu pakabaki safi, hiyo ni takataka au chokaa, na ni habari nyingine.

“Na mita ya maji je, haihesabu hewa?”

Hapo nilimkubalia. Mita ya gurudumu haina macho ya kutofautisha. Maji yakirudi baada ya kukatika, hewa inayotangulia huizungusha. Ila tusizidishe chumvi. Bomba lenye upana wa milimita 20 kwa ndani likiwa tupu kwa urefu wa mita 100, hewa yake ni lita 31 hivi, ndoo moja na nusu. Bili ya kutisha ina chanzo kingine, mara nyingi bomba linalovuja chini ya ardhi.

Tulipoiona bahari ya Lindi, mzee akaniambia lile povu la ufukweni ni uchafu wa meli. Si lazima. Chumvi nayo ina kazi yake. Kwenye maji yasiyo na chumvi viputo vikigusana huungana upesi na kupasuka. Chumvi hukwamisha muungano huo, vinabaki vidogo na vingi, na wimbi linakuwa jeupe kwa muda mrefu zaidi.

Hakubisha wala hakukubali. Alinyoosha mkono akaomba ile chupa, akailaza mapajani mwake, akakaza macho kwenye kiputo. Mpaka stendi hatukuzungumza tena. Alikuwa anasubiri breki.