Mafuta ya Pechelbronn: yanayosemwa na yaliyotokea

Merkwiller-Pechelbronn ni mji mdogo wa Alsace, mashariki mwa Ufaransa, uliojulikana kwa mafuta ghafi yaliyotolewa ardhini, na pia kwa bafu za maji moto ya tiba.

Dhana: Biashara ya mafuta ilianzia Marekani mwaka 1859.
Kisima cha mafuta alichochimba Edwin Drake mwaka huo kule Pennsylvania kina sifa zake, ila si hiyo. Mafuta yaliyoelea kwenye chemchemi ya Pechelbronn yalitajwa kwa maandishi mwaka 1498. Wenyeji waliyapaka kwenye ngozi yenye maradhi na kwenye ekseli za mikokoteni. Miaka ya 1740 tayari kulikuwa na kampuni yenye wanahisa.

Dhana: Mafuta hutoka kwa kisima tu.
Hapa yalichimbwa kama makaa ya mawe. Wachimbaji walishuka shimoni, wakafuata tabaka la mchanga uliolowa mafuta na kuupandisha juu. Mchanga ulichemshwa kwenye maji. Mafuta mazito yakalegea na kuelea, yakaenguliwa, mchanga ukabaki chini. Hatari kubwa ilikuwa gesi: hewa isipozunguka, taa ya moto inatosha kulipua handaki zima.

Visima vilishika kasi miaka ya 1880, lakini wakati wa Vita Kuu ya Kwanza watu walirudi chini. Kwa nini? Hakuna ziwa la mafuta huko. Mafuta yamo katika vitundu vya mchanga, na gesi inayoyasukuma ikiisha, kisima hukauka huku sehemu kubwa ingali ardhini. Handaki likikata tabaka hilohilo, mafuta huchuruzika kutoka ukutani hadi mferejini, kisha pampu huyapandisha.

Dhana: Maji ya tiba yalitangulia, mafuta yakaja kuyaharibu.
Ni kinyume. Waliokuwa wakitafuta mafuta mwanzoni mwa karne ya 20 ndio waliokutana na maji moto yenye chumvi, kwenye kina cha karibu mita 1,000. Bonde la ufa la Rhine, ambamo Pechelbronn imo, lina joto la ajabu chini ya ardhi: Soultz-sous-Forêts, jirani tu, hufikia takriban nyuzi 200 za Selsiasi kwenye kina cha mita 5,000.

Dhana: Huwezi kuujua mwamba bila kutoa sampuli yake.
Tarehe 5 Septemba 1927, timu ya Conrad na Marcel Schlumberger, ndugu Wafaransa waliopima miamba kwa umeme, iliteremsha elektrodi (vipande vya metali vya kupitishia umeme) kwa kebo ndani ya kisima cha Pechelbronn. Walisimama kila mita, wakapitisha umeme, wakasoma volti, wakachora kwa mkono ukinzani wa mwamba, yaani jinsi unavyozuia umeme. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri, mafuta huuzuia. Basi mchanga wenye ukinzani mkubwa unatiliwa shaka ya mafuta. Shaka tu, maana chokaa iliyoshikana na mchanga wenye maji baridi yasiyo na chumvi huonyesha mchoro unaofanana. Kwa hiyo mchoro hulinganishwa na ule wa visima vya jirani ambavyo sampuli zake zimeshatolewa.